Mabwana Harusi Mia Tatu

Kitaluni, 3 Februari

Wifi yangu,

Salamu kutoka huku kwenye vumbi na honi. Asali uliyomkabidhi dereva wa gari la maziwa imefika, ila kopo moja lilivuja kwenye kiti chake na sasa analalamika kwamba nzi wanamsindikiza mpaka kiwandani. Nimempa pole na miche miwili ya ndimu. Hakutabasamu.

Nakuandikia kwa sababu simu yako ni ya mapambo. Najua mtandao unaupata ukipanda juu ya jabali, lakini siwezi kumtaka wifi yangu akae juu ya jabali siku nzima kama kunguru akinisubiri.

Nina ombi. Kuna mteja wangu, mkubwa kidogo, anataka mshikajiwe. Ndiyo, huo huo wa mlimani kwenu, na anataka mingi. Mbegu sina habari nazo, nitaotesha kwa vipandikizi. Sasa wewe unaijua kazi yangu: mche mzuri hutoka kwa mti mama mzuri. Sichukui tawi kwenye mti uliokonda au uliojikunja, nachukua kwenye ule ulionona, wenye afya na maua tele. Wewe ndiye unayeishi nao. Niambie upi ni bora kuliko yote, nije na mkasi wangu na ndoo ya maji.

Msalimie kaka yangu. Mwambie tangi langu la maji bado lina lile bonde alilolitia aliporudi nyuma na lori bila kutazama. Sijalisahau.

Wifi wa Kitalu


Chini ya mlima, 11 Februari

Wifi wa mimi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili kaka yako asikie habari za tangi. Amejifanya anakohoa.

Kwa hiyo hatimaye kuna mtu duniani anayeutaka mshikajiwe! Hapa watu wanauita kuni zisizowaka. Yule mwalimu wa chuo aliyekuja na wanafunzi wake aliniambia ameutafuta kwenye vilima vyote vya mawe ya chokaa asiupate. Uko hapa tu, kwenye mlima huu mmoja, umeng'ang'ania nyufa. Wakati wa ukame, kila kitu kikiwa rangi ya majivu, wenyewe ndio unachanua. Bila huo nyuki wangu wangehama zamani, na mimi ningekuwa nauza mizinga mitupu.

Chukua ule wa kando ya lango letu. Huo ndio fahari yangu. Ukichanua huoni jani, ni weupe mtupu, na nyuki wanaunguruma mpaka tunawasikia tukiwa mezani. Usihangaike kupanda kwenye ile mizee ya ukingoni mwa jabali. Imepinda, imekonda, maua yake ya kuokoteza kama meno ya bibi yangu, na matawi yamelemewa na vijitunda vichungu. Hiyo itakuaibisha kwa mteja.

Mimi hutanikuta. Naenda kwa binti yetu, siku zake zimekaribia. Kaka yako atakufungulia lango na kukupikia, Mungu akulinde.

Jambo moja linaninyima raha. Wapimaji wa yale machimbo ya kokoto ya mlima wa pili wamekuja kupaka mawe yetu rangi nyekundu. Hodi hawakupiga. Nikawauliza wanapima nini, mmoja akanijibu bila hata kugeuka, "Tunapima tu, mama." Tunapima tu! Hata ule mlima wa pili walikuwa wanapima tu, na leo ni shimo, vumbi lake ndilo ninalolifuta juu ya mizinga kila asubuhi. Wakirudi hapa watanitambua.

Wifi wa Mizinga


Kitaluni, 2 Aprili

Wifi yangu, bibi mpya,

Hongera ya mjukuu! Nimesikia amekuja na sauti. Amekurithi.

Nilifika nikakata nilichohitaji kwenye ule wa langoni, na kaka yangu alinipikia wali ulioungua chini na mbichi juu. Nikala. Mshikajiwe wako ni mkorofi. Kwenye udongo mwekundu miche ya kwanza ilinifia yote ndani ya wiki mbili. Iliyobaki nikaitia kwenye mchanga na chokaa iliyopondwa, nikawa nainyeshea kwa kijiko kama namlisha mtoto mgonjwa, na sasa imetoa mizizi. Kila asubuhi naamka kwenda kuitazama kabla sijanawa uso.

Kazi imeongezeka. Nimeajiri akina mama watatu na nimejenga kivuli kipya, kirefu. Mteja anaridhika.

Ile rangi nyekundu usiibebe kichwani. Mambo ya kampuni na serikali huchukua miaka. Lea mjukuu.

Wifi wa Kitalu


Chini ya mlima, 8 Juni

Wewe,

Wifi sikuiti leo, nitakuita nikipoa.

Jumatatu tingatinga lilikuja. Lilianzia langoni kwetu. Mshikajiwe wangu, ule uliokata matawi yake, ulisukumwa kwa jino moja tu ukalala chini na mizizi yake ikiwa imekumbatia jiwe. Kisha likapanda na mteremko wote wa chini, kichaka baada ya kichaka, mpaka kwenye alama nyekundu. Wanapanua njia ya malori. Nyuki walitoka wakizunguka hewani pale palipokuwa na maua, hawajui watue wapi. Nilisimama mbele ya lile dude nikiwa na vazi langu la kurina asali. Dereva akazima injini, akaniambia kwa upole, "Mama, mimi natumwa tu."

Basi akaja kijana wa kampuni, shati limenyooka, viatu havijawahi kukanyaga tope. Nikamwambia mti ule haupo kwingine duniani. Akatabasamu! Akasema, "Bibi, usiwe na wasiwasi. Mmea umeshahamishwa. Uko kitaluni mjini, unaendelea vizuri." Akanitolea simu anionyeshe picha. Safu kwa safu, kijani kibichi, chini ya kivuli kirefu kipya. Na nyuma ya kivuli, tangi la maji la bluu lenye bonde ubavuni.

Niliyajua mengi maishani, lakini sikujua kwamba siku moja tangi litanisemesha.

Mteja mkubwa kidogo! Ulikula mezani kwangu, ukaniuliza kwa barua tamu upi ni bora, ukaniacha nikuonyeshe mwenyewe kwa kalamu yangu. Na kaka yako alijua. Nilipombana alisema ulimwomba asiniambie ili "nisipandishe presha". Presha yangu sasa iko pale alipoiweka. Analala stoo na mizinga mibovu, na chakula anajipikia. Tunasikia harufu ya kuungua kila jioni.

Nijibu. Jibu la kweli, siyo la kuninyeshea kwa kijiko.

Mwenye Mizinga


Kitaluni, 15 Juni

Wifi,

Nitakuita wifi hata kama wewe umekataa.

Ni kweli. Kampuni ilinijia mwezi wa kwanza na kibali cha awali kimeshapigwa muhuri. Mlima ulishauzwa, wifi, kabla mimi sijanoa mkasi. Sharti walilopewa ni moja: kabla ya kulipua jabali lazima mishikajiwe mia tatu iwe imeoteshwa mahali pengine, iwe hai na imechanua, na mkaguzi aione kwa macho yake mwezi wa Novemba. Nikajiuliza, nisipoichukua kazi hii mimi ataichukua nani? Yule jamaa wa barabara ya uwanjani anayemwagilia miche kwa mpira wa kuoshea magari? Ingekufa yote, na wangelipua vilevile.

Sikukwambia kwa sababu nakujua. Ungefunga lango, ungelala mbele yake, na nisingepata hata kijiti kimoja. Leo pasingekuwa na mshikajiwe popote. Mimi nimeuokoa. Unikasirikie, sawa, lakini mti umeokoka, na ni mikono yangu iliyouokoa.

Na ndiyo, nimelipwa, na ada za wanangu zimelipwa. Sitaona haya kwa hilo.

Njoo uone kabla hujanihukumu.

Wifi wa Kitalu


Chini ya mlima, 23 Juni

Barua yako nimeipata. Sijaijibu kwa sababu matusi yangu bado hayajaiva.


Kitaluni, 10 Agosti

Wifi,

Imechanua! Yote, kwa wakati mmoja. Wapita njia wanasimama getini. Meneja wa kampuni amekuja na mpiga picha, na sasa ua la mshikajiwe liko kwenye malori yao ya kokoto, ubavuni, kubwa kama sahani, na maneno chini yake: TUNALINDA URITHI. Nilifikiri hilo litakufurahisha kidogo. Nimeliandika, nimelisoma, naona huenda lisikufurahishe.

Njoo tu. Nauli nimempa dereva wa maziwa. Hajakusamehe kile kiti, lakini atakubeba.

Wifi wa Kitalu


Chini ya mlima, 2 Septemba

Wifi,

Nilikuja Alhamisi, wewe ukiwa umekwenda kupeleka miche hospitalini. Labda ni heri hatukuonana.

Nitasema ukweli kwanza: nilipoiona nililia. Ilikuwa mizuri kuliko mlimani. Nikasema moyoni, huyu mwanamke amenizunguka, amenifanya mjinga, lakini mkono anao. Nilikuwa nimeshaanza kukusamehe, nikakaa kivulini kunywa chai aliyoniletea yule mama mrefu anayekupalilia.

Kando ya tangi palikuwa na kisiki cha mpapai, kimekatwa asubuhi ile, bado kinatoa maziwa. Nikamwuliza mbona umeukata mpapai ulionona hivi. Akacheka. "Ulikuwa dume, mama. Maua kila siku, papai hata la dawa hakuna. Umekula mbolea bure."

Wifi, kikombe nilikiweka chini.

Miaka yote niliyokaa na ule mshikajiwe wa langoni sikuwahi kuuona na kijitunda hata kimoja. Maua tele, fahari tele, kisha yanaanguka, basi. Nilidhani ndiyo ubora wake, kwamba ni msafi, hauchafui njia. Vijitunda vilikuwa kwa ile mizee tu, ile iliyopinda, niliyokukataza usiiguse. Imepinda kwa sababu inazaa! Imekonda kama mimi nilivyokonda na watoto watano. Na hizo mia tatu zako zote zimetoka kwenye mwili mmoja, na mwili huo ni dume.

Umeilelea kampuni mabwana harusi mia tatu, wamevaa nyeupe, wamepangwa mstari, na bibi harusi hata mmoja hakuna. Itachanua mpaka ichoke. Ikishazeeka ndiyo mwisho, hapana mtoto, hapana mjukuu. Na mabibi harusi wote waliobaki duniani wako juu ya jabali wanalotaka kulilipua.

Najua utasema ni mimi niliyekuonyesha. Ndiyo, ni mimi, na usiku silali kwa hilo. Lakini uliniuliza upi ni mzuri kwa bustani ya mteja! Ungeniambia wifi, wanataka kuua mlima, nisaidie kuokoa huu mti, ningekuambia chukua kila kitu: vilivyonyooka, vilivyopinda, vyenye vijitunda na visivyo navyo. Ningekushikia ndoo mwenyewe. Ulininyima swali la kweli, nikakupa jibu la mapambo.

Sasa wewe ndiye wanayemsikiliza. Waambie.

Wifi wa Mizinga


Kitaluni, 5 Septemba

Haiwezekani. Umekasirika na unatafuta pa kunichoma. Mimi nimekata mipapai dume tangu sijaolewa, nisingeshindwa kulijua hilo.


Kitaluni, 20 Septemba

Wifi,

Nimeshindwa kulijua.

Nilipasua maua ya kila mfuko, mmoja mmoja, na kile kioo changu cha kusomea. Unga mtupu. Hapana hata moja lenye tumbo la kubeba mbegu. Nilirudia tena na tena mpaka yule mama mrefu akaninyang'anya kioo. Kazi yangu yote nimefundishwa kuchagua mti mama, na nikachagua baba, tena nikampenda.

Nilikwenda kwa meneja siku hiyo hiyo, na udongo kwenye kucha. Nikamweleza, nikamtolea na mfano wa mpapai. Akanisikiliza akichezea kalamu, kisha akafungua lile sharti akanisomea: mimea mia tatu, hai, yenye maua. "Hii ni mimea?" Ndiyo. "Ni mia tatu?" Ndiyo. "Ina maua?" Ndiyo. Akasema, "Basi. Tulikulipa uoteshe, hatukukulipa uozeshe." Na wale vijana wake wakacheka. Wifi, walicheka, mimi nimesimama pale!

Nikaenda kwa mkaguzi, ofisini kwake, ghorofa ya tatu na lifti imekufa. Yeye hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akasema ananielewa kabisa, ila sharti halikutaja dume wala jike, na yeye hawezi kukagua kitu kisichotajwa. Nikamwambia nipe muda nikakate kwenye ile ya jabalini. Akasema lile ni eneo la kampuni sasa, niombe ruhusa kwa kampuni. Nikaomba. Wakaninyima, eti kwa usalama wangu.

Nilikuambia nimeuokoa. Nilikupigia kelele kwa barua kwamba mikono yangu imeuokoa. Nilichofanya ni kuwapa karatasi ya kuulia mlima, yenye maua juu yake.

Kila mche unaopumua hapa kitaluni ni hatua moja karibu na baruti. Na bado kila asubuhi nainyeshea, kwa sababu ina kiu.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini usiache kuniandikia.

Wifi wa Kitalu


Chini ya mlima, 30 Oktoba

Wifi yangu,

Nimekuita hivyo, umeona. Lakini usidhani hasira imeisha. Imehamia kwa wenyewe.

Wametoboa jabali. Matundu yamepangwa vizuri, kila moja limezibwa kwa kitambaa. Kijana wa shati lililonyooka ameniambia ni siku tatu baada ya mkaguzi kutia saini, na kwamba nihamishe mizinga na tufunge madirisha, kampuni itatufidia vioo. Vioo! Nikamwuliza na nyuki watafidiwa nini, akaandika swali langu, akasema atalifikisha.

Mwalimu wa chuo ameandika kila mahali. Anajibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Imepokelewa, imewekwa, imekaliwa.

Lori lao lilipita jana limejaa mawe ya mlima wa pili, na ua langu limechorwa ubavuni, kubwa, jeupe, linacheka. Nilishika tope nikalitupia. Nililikosa ua nikampata dereva. Nikamwomba radhi, kwa sababu naye anatumwa tu. Kila mtu hapa anatumwa, wifi. Sijawahi kukutana na anayetuma.

Nilipanda leo kwa njia ya mbuzi, mlinzi akiwa amesinzia. Ile mizee ina vijitunda vya kwanza, bado vibichi, na madume machache yamebaki katikati yake. Haijui lolote. Inajiandaa kuzaa kama kila mwaka.

Kaka yako nimemruhusu kurudi mpaka sebuleni.

Sikuombi kitu. Umeshajaribu, na najua. Nimekuandikia ili pawe na mtu mwingine anayejua ilivyokuwa.

Wifi wa Mizinga


Kitaluni, 8 Novemba

Wifi yangu,

Kabla hujasikia kwa dereva wa maziwa, ambaye ataongeza chumvi, sikia kwangu.

Mkaguzi alikuwa aje saa nne asubuhi. Kampuni ilileta viti, hema, na kitambaa kirefu chenye maneno yao yale. Mimi niliamka alfajiri kama kawaida, nikachukua kopo la maji, nikaingia kivulini. Ilikuwa imechanua tena, wifi. Yote. Nilianza kuinyeshea mstari wa kwanza, nikafika katikati, nikaweka kopo chini. Nikachukua mkasi.

Sikuwa na hasira wakati ule, nataka ujue hilo. Nilikuwa nalia tu. Kila mmoja niliukata chini kabisa, kisha nikaung'oa na mizizi, kwa sababu naijua, ungechipua tena. Mizizi ile niliilea kwa kijiko. Yule mama mrefu alifika kazini, akanikuta, nikangoja anipigie kelele. Akanitazama, akatazama mstari, akaenda kuchukua panga. "Madume?" akauliza. Nikasema madume. Akaanzia upande wa pili. Tulikutana katikati, tukaikokota yote mpaka jikoni, tukaichoma. Inawaka, wifi. Waambie watu wa kwenu inawaka vizuri kabisa.

Walipofika meneja alisimama mlangoni pa kivuli, mdomo wazi. Wafanyakazi wake walikuwa wanaendelea kufunga kitambaa, hakuna aliyewaambia waache. Mkaguzi akauliza, "Iko wapi?" Nikamwambia nimeikata. Nimekata mipapai dume maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniitia polisi. Meneja akapiga kelele kwamba ni mali ya kampuni, imelipiwa, na ni kweli, imelipiwa. Akapiga simu.

Yule mkaguzi akabaki na kalamu mkononi kama mtu aliyeachwa na gari. Akaniuliza taratibu, "Sasa mama, mimi leo nitahesabu nini?"

Hapo ndipo hasira iliponijia, yote, ya mwaka mzima. Nikamwambia: Uliniambia huwezi kukagua kisichotajwa. Sharti lako limetaja mshikajiwe. Mshikajiwe uko mahali pamoja tu duniani, na wewe unayeandika kuhusu huo hujawahi kuuona! Vua viatu hivyo, panda mlimani, ukahesabu.

Nililala kituoni siku moja. Kaka yangu alikuja na gari la maziwa akanidhamini, akanipa mfuko wa chakula alichopika mwenyewe. Kiliungua. Nilikula chote.

Nimeshtakiwa kwa kuharibu mali. Wateja wawili wameshaniambia hawataki makuu. Kivuli kimebaki kitupu na sijui nikiangalie vipi. Lakini mia tatu hazipo. Wakitaka nyingine waanze upya, na mti mama watautoa wapi ila juu ya jabali?

Je, mkaguzi alikuja?

Wifi wa Kitalu


Chini ya mlima, 16 Novemba

Wifi yangu, wifi yangu,

Alikuja.

Alikuja na meneja na yule kijana wa shati, na mlinzi akafungua lango la kampuni huku akinikwepa macho. Niliwapeleka kwa njia ya mbuzi, makusudi, ingawa ipo nyingine nyepesi. Meneja alichana suruali. Kijana alikaa njiani, akasema atatungoja hapo. Mkaguzi alipanda mpaka juu, anahema, na alipofika kwenye ile mizee aliinama akavitazama vile vijitunda. Kisha akaniuliza, "Ndiyo hii?" Nikasema ndiyo hii. "Mbona haifanani na ile ya kwenye lori?" Nikamwambia ile ya kwenye lori ilikuwa bwana harusi. Hawa ni wazazi.

Alihesabu. Hawakuzidi ishirini, wifi. Alirudia akipata hao hao. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, nikamwona anaanza kuhesabu mara ya tatu, nikamwacha. Meneja akaanza habari za ratiba, mitambo inakodiwa kwa siku. Mkaguzi akasema, "Mia tatu hakuna. Hapa hapalipuliwi." Alisema bila kupaza sauti, kama mtu anayejaribu maneno mapya. Akatoa vile vitambaa kwenye matundu, kimoja kimoja, akavitia mfukoni. Sijui kwa nini. Labda alihitaji kufanya kitu kwa mikono.

Usishangilie. Meneja ameshaniambia uso kwa uso kwamba watatafuta kitalu kingine, na mkaguzi mwingine, na sharti jingine. Ninamwamini. Watu hawa hawachoki, na njia ya malori wameshaichimba, lango langu linatazama kidonda. Lakini msimu huu tumeupata, na nyuki wamepanda juu wote, wamejazana kwenye vile vijiua vya kuokoteza kama walio na haraka.

Kaka yako amerudi chumbani. Kupika nimempiga marufuku.

Siku ya kesi nitakuja. Nitakaa mbele kabisa, na nikikataliwa nitavaa vazi la kurinia asali, tuone nani atakayenisogelea. Pamoja na barua hii kuna kopo, na safari hii halivuji. Ndani kuna vijitunda vilivyoiva na kuanguka vyenyewe chini ya jabali. Vyekundu, vichungu, usivionje. Uvipande kwenye mchanga na chokaa yako, vyote, vizuri na vibaya, usichague.

Na hakimu akikuuliza uliharibu mali ya nani, usibishane naye. Mwambie mali yenyewe iko huku juu, na imezaa.

Wifi wa Mizinga